Siku Yai Alipopanda Nahimbe

Sanduku la mama yangu lina harufu tatu, na ukilifungua taratibu utazipata moja moja. Kwanza hupanda ya vidonge vya kuzuia nondo, kali ya kukufanya ugeuze uso. Kisha hufuata ya udi, ambao sijui aliufukiza lini mara ya mwisho. Ya tatu iko chini kabisa, na hiyo ndiyo iliyonikalisha sakafuni mwezi uliopita, nilipokwenda Ruponda kumsaidia kuhamia nyumba ya bati. Ni harufu ya vumbi la jiwe. Ilitoka kwenye kanga moja kuukuu, iliyofifia mpaka maneno yake hayasomeki, na kwenye pindo lake kulikuwa na madoa mawili mekundu, kila moja ukubwa wa kiganja.

Udongo wetu wa Nachingwea nao ni mwekundu, msije mkadhani nashangaa udongo. Tumezaliwa nao, tumeula, na shati jeupe la shule kwetu hudumu jeupe mpaka saa nne asubuhi. Lakini udongo wa nyumbani hukubali sabuni. Wekundu wa kwenye ile kanga ni mkaidi, rangi ya pilipili iliyokaushwa juani, na mimi niliwahi kuwa na sketi ya shule iliyozeeka na doa kama hilo bila kutoka. Nilijua papo hapo limetoka wapi. Nisichojua ni jinsi lilivyofika kwenye kanga ya mama, kwa sababu mama yangu hajawahi kukanyaga Nahimbe. Ndivyo nilivyoamini kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ngoja niwaeleze mimi nilivyofika huko.

Nilikuwa mtoto wa pumu. Kaka yangu aliyenitangulia alikufa kwa homa ya siku mbili kabla mimi sijazaliwa, na mama aliponipata, halafu akasikia kifua changu kinalia kama bawaba isiyo na mafuta, aliapa kwamba huyu hatoki mikononi mwake. Sikuruhusiwa kukimbia. Sikuteka maji. Msimu wa kubangua korosho, moshi ulipoanza kupanda kijijini, nilifungiwa chumbani na kitambaa kibichi kikatandikwa chini ya mlango. Nilibebwa mgongoni kwenda zahanati mpaka nina miaka tisa, miguu ikining'inia karibu na ardhi, na wenzangu wakitembea kando yetu wakinipungia mikono kama wanasindikiza maharusi. Hao ndio walionipa jina la Yai. "Pisheni, pisheni, Yai linapita!" Nililichukia jina lile kuliko vidonge vyeupe vya zahanati, ambavyo uchungu wake ulibaki ulimini mpaka jioni.

Nilipokuwa darasa la sita, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, dada mkubwa wa mama aliyekuwa akiishi Masasi alileta ujumbe kwamba ananitaka. Mtoto ana akili, shule ya karibu naye ina walimu wa kutosha, aje amalizie darasa la saba pale, na akifaulu aendelee. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia yule aliyeleta ujumbe, "Mwambie dada ahsante sana. Mtoto wangu hawezi kupumua peke yake." Alisema hivyo nikiwa nimekaa hapo hapo mkekani, napumua.

Kwetu sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Baba alikuwa na maoni yake juu ya Masasi, lakini alijua mahali pa kuyaweka. Mwenye kusema alikuwa mjomba Chande, mdogo wake mama, aliyeishi Nanganga na kufanya kazi ya kurina asali. Alikuwa mrefu, mwembamba, sikio moja limevimba daima kwa kuumwa na nyuki, na mtu wa kucheka mzaha kabla hujaumaliza. Aliijua misitu ya upande ule wote mpaka Ruangwa. Aliongozwa na ndege wa asali, yule ndege mdogo anayekuita kwa kelele mpaka kwenye mzinga ili naye apate masega, na mjomba alizungumza naye kwa mluzi. Akipiga, ndege anajibu. Mimi niliamini kabisa kwamba wanasengenya watu.

Likizo ya katikati ya mwaka ule mimi na mama tulikwenda Nanganga kumsaidia bibi kuvuna ufuta. Siku ya tatu vumbi la ufuta lilinikaba. Mama alikwenda mbio kuchemsha majani, na mjomba akachuchumaa mbele yangu, akanitazama kifua, akasema, "Wewe unapigania kuvuta pumzi, kumbe iliyomo ndani hujaitoa. Kunja midomo. Toa polepole, kama unampigia ndege." Nikakunja midomo. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Mara ya kumi ukatoka mluzi, na nyuma ya mluzi pumzi ikaingia yenyewe. Mama alirudi na sufuria ya majani akakuta binti yake anapiga mluzi uani, na nadhani angefurahi zaidi kunikuta nimezimia. Mtoto wa kike kupiga mluzi! Tena uani kwa bibi yake! Alimgombeza mjomba mpaka majani yakapoa.

Jioni ile, tukila, mjomba akatoa lililokuwa moyoni mwake. Alitaka apewe siku moja anipeleke Nahimbe.

Nahimbe ni korongo lililo mwendo wa nusu asubuhi kutoka Nanganga, ukiielekea Ruangwa. Mvua za miaka na miaka zimeukata mlima mwekundu mpaka ukawa kuta mbili zinazotazamana. Watu walilijua, lakini hakuna aliyekuwa na habari nalo. Wanawake walifika mdomoni pake kuchimba udongo wa kupaka nyumba, wakageuza wakarudi.

"Mkamtembelee nani huko?" mama akauliza.

"Hakuna mtu, dada. Tukaone tu. Tupande mpaka juu, turudi."

"Mtu humtembelea mtu. Nani amekwenda kulitembelea jiwe?"

Bibi alicheka mpaka akaweka tonge chini. Lakini mjomba hakucheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ni zito. Alisema taratibu: "Nikirudi nimembeba, habari ya Masasi imekwisha, sitafungua mdomo tena. Akirudi kwa miguu yake, tutaizungumza upya." Mama aliokota punje za wali mkekani moja moja, hata ambazo hazikuwapo. Mwisho akasema, "Na asipige mluzi." Mjomba akaitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu anayeitikia jambo ambalo halitafanyika.

Tuliondoka alfajiri. Ufuta uliokwisha kukatwa ulikuwa umesimamishwa matita matita mashambani, umeloa umande, na harufu yake ilikuwa tamu ya kutia njaa. Mjomba alibeba kamba nene ya magome ya miombo begani, kidumu cha maji na fuko lenye mihogo ya kuchemsha. Mimi sikubeba kitu. Nilijibeba mwenyewe, na siku ile hiyo ilikuwa kazi tosha.

Sasa nawaomba mfahamu kosa tulilolifanya. Miaka ile upande wa Ruangwa watu walikuwa wameshikwa na homa ya mawe. Kuna waliookota vijiwe vya kijani, wakaonekana na redio mpya na magodoro, na tangu hapo hakuna mtu aliyeweza kuinama kufunga kiatu bila jirani kuja kuangalia kuna nini. Na mjomba wangu alijulikana. Mrina asali akienda kazini hubeba kijinga cha moto na ndoo. Asubuhi ile mjomba hakuwa na moto wala ndoo. Alikuwa na kamba, na mtoto mwembamba wa kupenya kwenye tundu. Kwa mtu wa Nanganga hilo halikuhitaji maelezo.

Wa kwanza alikuwa Rashidi, kijana aliyewahi kukaa Dar es Salaam mwaka mmoja na kurudi na lugha ya huko. Alitupita na baiskeli, akasimama, akaitazama kamba.

"Anko, wapi na kamba asubuhi hii?"

"Kutembea."

"Kutembea Nahimbe?"

"Nahimbe."

Rashidi akatabasamu. "Anko, usitubanie bwana. Dili tukila wote si linatosha?"

"Rashidi, haki ya Mungu, tunakwenda kuangalia tu."

Hakuna jibu baya kuliko hilo. Kila mtu aliyewahi kupata jiwe alianza kwa kusema anaangalia tu. Rashidi aligeuza baiskeli akaenda kasi, na kabla jua halijapanda vizuri, nyuma yetu kulikuwa na watu watano. Tulipovuka kijito kikavu wakawa kumi na kitu. Walikuja na sululu, na machekeche, wanawake na nyungo zao, na mmoja alibeba sufuria kichwani kwa maana alishajiandaa kulala huko. Tukisimama nipumzike, nao wanasimama, wanatazama ndege. Tukianza, wanaanza. Mjomba alicheka peke yake njia nzima, na mimi nilicheka naye mpaka nikalazimika kukunja midomo na kupiga mluzi ili nirudishe pumzi. Amri ya mama nilikuwa nimeshaivunja kabla ya saa mbili.

Halafu msitu ukafunguka, nikaliona korongo, na kicheko kikaniisha.

Sikujua kwamba nchi yetu ina kitu kama kile. Kuta zilipanda wima, nyekundu, zenye mistari ya njano na myeupe iliyopindapinda kama mtu ameikandika kwa mkono. Chini palikuwa na mchanga laini wa mto usio na maji. Ukiingia ndani ubaridi unakupokea, na sauti yako inabadilika, inakuwa ya mtu mkubwa. Pimbi walitukodolea macho kutoka kwenye nyufa. Juu kabisa, ambako kuta zinakaribiana, mti wa mkuyu ulikuwa umeng'ang'ania ukingoni na mizizi yake ikateremka jiweni kama vidole. Nilipenda kila kitu. Nasema kweli, niliipenda Nahimbe kwa namna ambayo mpaka leo sijapenda mahali pengine, kwa sababu ilikuwa kubwa na haikujua kwamba mimi ni Yai.

Mjomba alipanda kwanza, peku, akashika mzizi, akakaa ukingoni na kuifunga kamba kwenye shina. Ncha ya pili alikuwa ameshanifunga nayo chini ya kwapa kwa fundo analolitumia kwenye mibuyu. Kabla hajapanda aliniambia mambo mawili. "Kamba hii si ya kukuvuta. Ni ya kukudaka ukiteleza." La pili aliniambia akiwa ametazama nyuma yangu, kule mdomoni mwa korongo walikokusanyika wale wenye machekeche. "Usiangalie chini, Hadija. Wala usigeuke nyuma. Hata usikie nini." Nilikuwa nimeshaona mwanamke mmoja amekaa nyuma ya wote, amejitanda kanga mpaka puani kwa sababu ya vumbi. Nilidhani mjomba anahofia nisipate kizunguzungu.

Nikapanda. Jiwe la Nahimbe lina vidaraja, kimoja cha kuweka mguu, kingine cha kuweka mkono, na mtu mwenye kifua kizima angefika juu kabla maharage hayajachemka. Mimi nilikwenda kidaraja kimoja, mluzi mmoja. Kidaraja, mluzi. Unga wa jiwe uliniingia kwenye kucha na kwenye sketi. Jua lilinipiga mgongoni. Nilikuwa naona vidole vyangu na kipande cha jiwe mbele ya pua, basi, na nikaona kwamba hivyo vinatosha kabisa kwa mtu kuishi navyo.

Nilifika kwenye rafu ya jiwe, nusu na robo ya safari, pana kiasi cha kuweka makalio. Hapo kifua kikafunga.

Wenye pumu mnaokisoma kisa hiki mnajua, na wasiojua sitaweza kuwaeleza. Ni kama mtu amekukalia huku anazungumza na wengine. Nilikunja midomo, hakikutoka kitu. Nikakunja tena. Masikio yalianza kuvuma. Kule chini watu walikuwa wameacha kupiga soga, na ule ukimya ulinitisha kuliko kimo. Nilipata pumzi ya maneno mawili.

"Mjomba, nivute."

Uso wake ulikuwa juu yangu, umepinduka, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona hana hata dalili ya kicheko. Mikono yake ilikuwa imeshaikamata kamba.

"Nikikuvuta, nimekubeba," akasema. "Lakini ukitaka navuta sasa hivi, na hakuna atakayekulaumu. Sema wewe."

Nilifumba macho. Niliona Masasi, ambayo sikuwa nimewahi kuiona, ikiondoka. Niliona mgongo wa mama na miguu yangu ikining'inia, miaka kumi na miwili, kumi na mitano, ishirini. Nilikuwa nafungua mdomo niseme vuta.

Ndipo uliposikika mluzi.

Ulitoka chini, nyuma ya watu. Ulikuwa mluzi mbovu kuliko yote niliyowahi kuisikia: upepo mwingi, sauti kidogo, unakatika, unaanza tena, kama birika linalokataa kuchemka. Watu wakaangua kicheko. Damu ilinipanda. Nilijua ni Rashidi, na nilijua ananikejeli, mimi niliyekwama jiweni nakata roho, mjinga mmoja wa Dar es Salaam ananiiga! Tena hata kupiga hajui! Hasira ilinikaza midomo yenyewe. Nikampigia wa kwangu, mrefu, mkali, wa kumwonyesha mluzi unavyopigwa. Ukagonga ukuta wa pili ukarudi. Na nyuma yake, wenzangu, pumzi ikaingia.

Ule wa chini ukapiga tena. Nikaujibu. Ukapiga, nikaujibu, na kila nilipojibu mkono ulikuwa umeshafika kidaraja kingine. Sikumbuki sehemu ya mwisho. Nakumbuka mzizi wa mkuyu kiganjani mwangu, laini na baridi, na tumbo langu likijiburuta juu ya ukingo, na mjomba ameiachia kamba iliyolegea, hajaivuta hata kidogo, analia wazi wazi kama mtoto.

Nikasimama. Upepo wa huko juu ulikuwa mwingi, nikashindwa kuumaliza. Niliona moshi wa Nanganga, mashamba ya ufuta yamekuwa vipande vya mkeka, na barabara ya Ruangwa ikipotea nyuma ya vilima. Niliinua mikono yote miwili na kupiga ukelele kwa nguvu za kifua kile kile kibovu: "Mimi Hadijaaa!" Na Nahimbe ikaitikia dija, dija, dija, mpaka chini.

Mkononi, bila kujijua, nilikuwa bado nimeshika kipande cha jiwe nilichokibandua njiani.

"Kapata!" Rashidi akapiga kelele. "Katoto kamepata!"

Sijaona watu wakitawanyika vile. Machekeche yaliruka. Yule mwenye sufuria aliitupa. Wengine walianza kuchimba pale pale chini ya rafu yangu, wengine walilizunguka jiwe wakitafuta pa kupandia, na mimi na mjomba tulilala chali chini ya mkuyu tukicheka mpaka mbavu zikauma. Tulikula mihogo yetu na sega la asali alilokuwa amelificha fukoni. Kisha akanionyesha mteremko wa nyuma, wa nyasi, mpana, tuliotumia kushuka bila taabu yoyote.

"Kumbe kuna njia! Kwa nini hatukupandia huku?"

"Huku hata mbuzi anapanda," akasema.

Saa tisa tuliingia uani kwa bibi, mimi mbele. Mama alikuwa amekaa anapeta ufuta. Alianza kunitazama miguu, akapanda polepole mpaka usoni, kama anahesabu kama nimerudi na viungo vyote. Akaniita, akaweka sikio kifuani kwangu. Yeye mwenyewe alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kutwanga. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na kanga moja imefuliwa, inachuruzika maji, ingawa siku ya kufua ilikuwa bado. Niliyaona yote hayo na sikuyafikiria. "Umekula?" akaniuliza. Hilo tu. Niliumia kidogo, maana nilitarajia vigelegele.

Usiku, wakati wa kula, mjomba alijiweka sawa kwenye mkeka, akakohoa, akaanza, "Dada, kama tulivyokubaliana..." Mama akamkata: "Januari aende Masasi. Nimpikie na vitumbua vya njiani." Mjomba alibaki na tonge hewani. Mimi nikajua, kama nilivyojua kwa miaka yote iliyofuata, kwamba mjomba wangu ndiye aliyemshinda mama.

Wale wachimbaji walikaa Nahimbe wiki nzima wakatoka na vidonda vya mikono. Hawakupata jiwe hata moja la maana, na hilo halikuwavunja moyo, liliwapa jibu: Chande ameshalitoa. Niliposhushwa Masasi na sanduku la bati na viatu vipya, habari zilirudi Nanganga kwamba mnaona sasa, lile jiwe. Nilipokwenda sekondari, ni lile jiwe. Nilipokuwa muuguzi, bado ni lile jiwe. Na korongo likapata jina. Wachimbaji, waliokwisha kulisikia jina langu la utani, waliliita Kwa Yai, kwa kumbukumbu ya katoto kalikopata, na siku hizi ukiwa Nanganga ukamwambia kijana wa bodaboda akupeleke Kwa Yai, hakuulizi mara mbili. Jina nililolichukia limekuwa jina la mlima mzima. Nimekwenda mara mbili na watu wangu, tukapanda wote, na mara zote nimepandia mbele, siyo kule kwa mbuzi.

Basi, mwezi uliopita, nikiwa nimekaa sakafuni na ile kanga, niliyaweka madoa mawili juu ya viganja vyangu, nikaona kwamba yanaenea. Mtu alikuwa amelishika pindo hili kwa mikono miwili yenye vumbi la Nahimbe na kulikamua. Nikaenda nayo jikoni. Mama alikuwa anamenya mihogo.

"Mama, kanga hii ilikwenda lini Nahimbe?"

Aliitazama kanga kwa jicho la kuilaumu, kana kwamba ndiyo iliyosema. Akaendelea kumenya. Muhogo ulipokwisha akasema, "Hiyo ni mbeleko yako."

Kisha akanieleza, kwa maneno machache, bila kuniangalia. Siku ile alibaki nyumbani mpaka alipomaliza kuniombea dua. Alipomaliza akaona dua peke yake haitoshi, akachukua mbeleko. Njiani akawakuta wanawake wenye nyungo, akajitanda, akajichanganya nao. Mjomba alimwona mdomoni mwa korongo, akamtikisia kichwa kumkataza, naye akamtikisia cha kwake. Nilipofika juu akatoka mbio ili awahi ufuta.

"Mbona hukuniita?"

"Ungejua nipo ungelia. Nilijua nikikuita umekwisha." Akakata muhogo vipande viwili, akavitia sufuriani. "Nilikuja kukubeba, mwanangu. Ukanikosesha kazi."

Wodini kwangu huwafundisha watoto wa pumu kukunja midomo na kutoa pumzi polepole, na nikiulizwa nimejifunza wapi husema kwa mjomba wangu, mrina asali. Sasa sijui nitasemaje. Miaka yote nilidhani siku ile nilimponyoka mama mikononi. Kumbe mikono ile ilikuwapo, chini pale, na kitambaa cha kunibebea tayari, na ikajizuia. Mimi nilipanda jiwe tu. Aliyepanda mlima siku ile ni yeye, na hakupigiwa vigelegele na mtu.

Nilimuuliza lile lililobaki. "Na yule aliyepiga mluzi, mama?"

"Nani, mimi?" Alinuna kabisa. "Mwanamke mtu mzima nipige mluzi mbele za watu?"

Nikarudi chumbani, nikaikunja mbeleko yangu, nikaiweka juu kabisa ya sanduku. Nilikuwa nafunga kifuniko nilipousikia, kutoka jikoni, katikati ya mlio wa sufuria: upepo mwingi, sauti kidogo, unakatika, unaanza tena.

Nikaujibu.